Paka mwenye kisukari ameshikwa na degedege mara tatu: ni insulini au ni kifafa?

Mwanasaa_Buruburu

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa wanaoelewa kisukari cha paka, maana hali ya huyu wetu ni mbaya.

Ni dume aliyehasiwa, miaka 11, kilo 4.6. Alianzishiwa insulini ya Caninsulin, uniti 2 asubuhi na uniti 2 jioni, na sukari ilikuwa ikicheza kati ya 14 na 20 (mmol/L). Mwezi huu Caninsulin ilikosekana, daktari akatubadilishia insulini nyingine, Lantus, na kiwango kikabaki uniti 2. Sindano tunazotumia ni zile zile zilizobaki, zenye kifuniko chekundu. Wiki hiyo hiyo tuliacha kumpa ugali na omena na chakula kikavu, sasa anakula kuku wa kuchemsha na nyama ya mkebe.

Siku chache baadaye alishikwa na degedege mchana. Alianguka ubavu, miguu ikakakamaa kisha ikaanza kupiga, mate yakamtoka na mkojo pia. Ilichukua kama dakika mbili. Mashine ilisoma 1.8. Tukampaka asali kwenye ufizi, kliniki wakamtia dripu ya glukosi, jioni akarudi nyumbani. Usiku degedege likarudi, sukari 2.1, akalazwa. La tatu limekuja siku mbili baadaye, sukari ikiwa 7.9. Tangu lile la pili anagonga kuta kama haoni.

Sasa anapewa phenobarbital, dawa ya kuzuia degedege, robo ya kidonge cha miligramu 30 mara mbili kwa siku, na insulini imesimamishwa kabisa. Leo sukari ni 19 na kijiti cha mkojo kinaonyesha ketoni kidogo. Anakula. Je, huyu ana kifafa sasa? Na insulini irudi lini, kwa kiwango gani?

NesiWaWanyama_Kikuyu

Pole sana dada. Kabla ya kifafa, tuanze na hiyo sindano yenye kifuniko chekundu, kwa sababu naona tatizo liko hapo.

Kifuniko chekundu ni sindano ya U-40. Caninsulin ni U-40, yaani mililita moja ina uniti 40, kwa hiyo zilikuwa zinalingana. Lantus ni U-100, mililita moja ina uniti 100, na sindano zake huwa na kifuniko cha rangi ya chungwa. Ukivuta hadi alama ya 2 kwenye sindano ya U-40 umevuta mililita 0.05. Ikiwa ni Caninsulin, hizo ni uniti 2. Ikiwa ni Lantus, hizo ni uniti 5. Paka wako alikuwa akipata uniti 5 kila baada ya saa 12, mara mbili na nusu ya kiwango kilichoandikwa. Paka anayeanza Lantus kwa kawaida hupewa uniti 1 mara mbili kwa siku.

Juu ya hapo mkaondoa ugali. Hilo lenyewe ni jambo jema, lakini wanga ukipungua ghafla hitaji la insulini hushuka ndani ya siku chache, na kwa paka wengine hushuka sana. Anayebadilisha chakula hupunguza dozi kwanza, au hubadilisha polepole kwa wiki moja au mbili huku akipima kila siku. Hapa mambo mawili yalikwenda pamoja: insulini ilipanda na wanga ukashuka.

Ndiyo maana degedege lilirudi usiku ingawa alitiwa dripu. Lantus ikidungwa hugandia chini ya ngozi na kuyeyuka kidogo kidogo kwa saa nyingi. Dozi ikizidi namna hiyo paka hukaa na glukosi kwenye mshipa na kupimwa kila nusu saa au saa moja mpaka sukari isimame yenyewe bila dripu, na hilo linaweza kupita saa 24. Kumrudisha nyumbani jioni ile ile kwa sababu amechangamka ni mapema mno.

Kuhusu kuirudisha: usimkalishe bila insulini kwa muda. Sukari 19 na ketoni, hata kidogo, maana yake mwili umeanza kuchoma mafuta kwa kukosa insulini. Mpigie daktari leo, usingoje kesho, umweleze habari ya sindano kwa namba: mililita 0.05, uniti 5. Akishajua hilo hesabu yake yote itabadilika. Pengine atakurudishia kwa uniti 1 ya kweli, au nusu uniti, kila saa 12. Akianza kutapika, kukataa chakula, kupumua kwa nguvu na kwa kina au kulegea huku sukari iko juu, hiyo ni dharura ya ketoni. Nyumbani haitibiki, na kumwongezea Lantus hakutamsaidia. Kliniki huanza na maji ya mshipa, hurekebisha potasiamu, ndipo hutia insulini ya muda mfupi kidogo kidogo. Insulini husukuma potasiamu iingie ndani ya seli, kwa hiyo ikitangulia yenyewe paka hulegea shingo, kichwa kikainama hadi kidevu kikagusa kifua, na moyo unaweza kuvurugika.

Nunua sindano za U-100 za mililita 0.3 zenye alama za nusu uniti. Kwenye makemisti ya mjini ukiomba tu sindano ya insulini mara nyingi utapewa ya mililita 1, na hiyo kila mstari ni uniti 2, haifai kwa paka. Sema waziwazi: mililita 0.3, alama za nusu. Zile nyekundu zitoe kabisa nyumbani. Hesabu ya kugeuza U-40 kuwa U-100 ipo, lakini usiku ukiwa umechoka ndipo watu hukosea.

Lantus haitikiswi wala haichanganywi na maji. Inapaswa kuwa angavu kama maji, ikiwa na ukungu au chembe tupa. Caninsulin ni kinyume chake, ile hutikiswa hadi iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Weka Lantus kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu inayogandisha. Stima ikipotea saa kadhaa usihangaike, hali ya hewa ya Nairobi haiiharibu upesi. Kinachoiua haraka ni kuganda, au kuachwa ndani ya gari juani.

Jambo moja zaidi: ukidunga na ukahisi manyoya yamelowa, au akaruka katikati, usirudie dozi. Huwezi kujua ni kiasi gani kimeingia. Kukosa dozi moja sukari itapanda tu, dozi mbili zitamrudisha ulikotoka.

Kombo_Langata

Nesi amemaliza upande wa insulini. Mimi niongee degedege.

Mawili ya kwanza yana maelezo: 1.8 na 2.1. La tatu kwenye 7.9 ndilo linalowafanya watu waseme kifafa, lakini si lazima. Ubongo hutegemea glukosi, na ukikosa kwa muda mrefu seli zake huumia na kuvimba. Sukari ikirudi kawaida jeraha bado lipo, na jeraha hilo linaweza kutoa degedege kwa siku kadhaa. Upofu unaouona ni wa aina hiyo hiyo: macho ni mazima, sehemu ya ubongo inayopokea picha ndiyo iliyoumia. Mwangazie tochi, mboni ikijikaza vizuri hiyo ni dalili njema kwamba jicho na mshipa wake viko salama. Paka wengi huanza kuona tena baada ya siku au wiki chache. Usihamishe sahani, sanduku la choo wala mahali anapolala, na funga ngazi.

Kwa hiyo phenobarbital ina sababu, hata kama baadaye itaachwa. Robo ya 30 ni miligramu 7.5, na kwa kilo 4.6 ni kama 1.6 kwa kilo. Paka huanzia kati ya 1.5 na 2.5 kwa kilo kila saa 12, kwa hiyo yuko chini lakini ndani ya kiwango. Damu ipimwe baada ya wiki mbili au tatu, lengo likiwa miligramu 15 hadi 30 kwa lita. Maabara inayompimia binadamu dawa hiyo inaweza kumpimia paka. Usiikatishe ghafla: dawa hii ikikatwa kwa mara moja yenyewe huleta degedege. Kuipunguza ni kazi ya miezi, na daktari ndiye anayepanga.

Sasa jambo ambalo linawaponza watu wengi. Wiki mbili za mwanzo phenobarbital humfanya paka ayumbe, asinzie na atake chakula sana. Sukari ikishuka humfanya ayumbe, asinzie na atake chakula sana. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kila akiyumba, pima sukari kabla ya kuamua kwamba ni dawa. Na akiomba chakula kupita kiasi usidhani kisukari kimezidi ukaongeza insulini.

Likimshika tena: angalia saa, na kama kuna mtu wa pili achukue video. Ondoa viti, zima redio, mweke taulo chini ya kichwa. Usitie kidole mdomoni, paka hamezi ulimi wake, na meno yanaweza kufunga juu ya kidole chako. Chukua tone la damu sikioni hata akiwa anatikisika, mtu wa pili akimshika kichwa taratibu. Ikiwa chini ya 3.5, au kama huwezi kupima kabisa, chovya pamba kwenye asali au glukosi ya unga iliyokorogwa nzito, paka ndani ya mdomo wa juu, kati ya shavu na ufizi. Usimimine, itaingia kwenye mapafu. Kiasi ni kama mililita 1 kwa kilo, kwa hiyo wako ni takriban kijiko kimoja cha chai, kidogo kidogo. Pima tena baada ya dakika 10 hadi 15. Akiweza kumeza mpe nyama, kwa sababu asali peke yake hupanda na kuisha haraka.

Likipita dakika 5, au yakifuatana mawili kabla hajapata fahamu, mko njiani tayari. Tafuta leo, mchana, kliniki inayopokea usiku upande wenu, uwe na namba mkononi. Kutoka Buruburu saa kumi na mbili jioni foleni ya Jogoo Road haitakuonea huruma, kwa hiyo muulize daktari akuachie midazolam ya puani, dawa ya kuzima degedege. Ni miligramu 0.2 kwa kilo. Kwa wako ni takriban mililita 0.18 ya ile yenye miligramu 5 kwa mililita, kwa sindano ndogo isiyo na ncha ya chuma, nusu kila pua. Akuonyeshe kwa mikono yake.

Na tafadhali, vidonge vya diazepam vya kumeza visimguse paka. Kwa paka wengine huua ini ndani ya siku chache na hakuna kipimo cha kujua mapema ni nani. Ile ya sindano ya mshipa au ya kupitishwa nyuma wakati wa dharura ni habari nyingine, iko mikononi mwa daktari. Potasiamu bromaidi nayo ni ya mbwa, paka huwaletea ugonjwa wa mapafu. Phenobarbital ikishindwa, inayofuata kwa kawaida ni levetiracetam, miligramu 20 kwa kilo kila saa 8, na hupunguzwa kama figo ni dhaifu. Figo zake zilipimwa? Na presha? Paka wa miaka 11 mwenye presha iliyopita 180 anaweza kupofuka na kushikwa na degedege bila sukari kuhusika. Presha hiyo macho huyaharibu yenyewe, kwa hiyo daktari aangalie nyuma ya jicho.

Mwanasaa_Buruburu

Asanteni sana. Nimeongea na daktari, nimemsomea hesabu ya mililita 0.05. Amesema arudi kwa uniti 1 kwa sindano ya U-100 leo jioni, kesho nimpeleke apimwe ketoni za damu, figo, potasiamu na presha. Sindano za nusu uniti nimepata Moi Avenue.

Shida yangu sasa ni kupima. Nikimchoma sikio damu inasambaa kwenye manyoya. Na mashine ni ya watu, je, namba zake ni za kuaminika? Kliniki wao walipata 17 wakati yangu ilisema 13.

MaabaraMtaani

Zote mbili zinaweza kuwa sawa. Kwenye damu ya binadamu kama asilimia 42 ya glukosi imo ndani ya chembe nyekundu, kwa paka karibu yote iko kwenye maji ya damu. Mashine ya watu inapiga hesabu kwa damu ya watu, kwa hiyo kwa paka mara nyingi inasoma chini kuliko ukweli. Kwa usalama hilo si baya, itakuonya mapema. Tatizo ni kuchanganya: chagua mashine moja na uamue kwa hiyo hiyo siku zote, usilinganishe asubuhi ya hii na jioni ya ile. Kisha kuna woga. Paka aliyebanwa kwenye boksi, akasikia mbwa wa mapokezini, sukari yake inaweza kuruka juu sana bila uhusiano na insulini. Pia wakimlaza kwa xylazine, sukari hupanda kwa sababu ya dawa yenyewe. Dozi isipandishwe kwa namba moja ya kliniki.

Kuhusu sikio: pasha moto kwanza kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu ndani ya mfuko wa plastiki, dakika moja. Paka mafuta ya mgando, safu nyembamba sana, kwenye ukingo wa nje wa sikio. Damu itajikusanya iwe tone badala ya kutambaa kwenye manyoya. Weka pamba iliyokunjwa nyuma ya sikio, choma pembeni ya mshipa unaopita ukingoni, si mshipa wenyewe. Leta stripu kwenye tone, iache inyonye yenyewe. Kisha bana pamba hadi uhesabu 30, la sivyo sikio litavilia na kesho hatakubali. Mpe kipande cha kuku hapo hapo, kila mara, hata ukikosa damu.

Wiki hii pima kabla ya kila dozi na tena saa 4 hadi 8 baadaye, sehemu ambayo sukari hufika chini kabisa. Muulize daktari wake namba zake, lakini wengi huenda hivi: kabla ya dozi ikiwa chini ya 8 au 9, usidunge, mlishe, pima baada ya saa mbili na umpigie. Sehemu ya chini kabisa tunataka iwe kati ya 4.5 na 8.5. Ikishuka chini ya 3.5 mlishe na dozi ijayo isitolewe bila kuongea na daktari, hata kama anacheza. Paka wengine hufika 2.5 wakiwa wametulia kabisa, kisha wanaanguka ghafla. Na kwa huyu, aliyeumia ubongo, ni heri akae 10 hadi 14 kwa wiki hizi kuliko kutafuta namba nzuri. Figo huanza kumwaga sukari kwenye mkojo inapopita takriban 14 hadi 16, kwa hiyo chini ya hapo hata kiu yake itatulia.

Ukipandisha dozi, iwe nusu uniti tu, na usiipandishe tena kabla ya siku 5 hadi 7. Lantus haionyeshi nguvu yake yote siku ya kwanza.

NesiWaWanyama_Kikuyu

Niongeze la chakula, maana kuku wa kuchemsha peke yake hautamfikisha mbali, hauna kalsiamu ya kutosha na taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa, nyingi hubaki kwenye supu. Mkebe wa nyama laini bila mchuzi mzito uwe ndio msingi, kuku iwe nyongeza. Ukilazimika kurudi kwa chakula kikavu, piga hesabu ya wanga kwenye pakiti: 100 toa protini, mafuta, majivu, unyevu na nyuzinyuzi. Pakiti yenye protini 32, mafuta 12, majivu 8, unyevu 8 na nyuzinyuzi 3 imebaki na 37 za wanga. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya nishati yake yote, nasi tunalenga chini ya asilimia 12. Omena iliyopikwa bila chumvi haina ubaya mara moja moja. Samaki mbichi usimpe: aina nyingi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na upungufu wake nao huleta kichwa kuinama na degedege.

Chochote utakachobadilisha kwenye sahani, kibadilishe wakati dozi haijaguswa, na mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Kombo_Langata

Dada, moja hatujauliza. Kuna dawa ya viroboto imetumika karibuni, kwake au kwa mbwa anayelala naye? Permethrin ya mbwa, hata matone tu, humtia paka mtetemeko na degedege lisilohusiana na sukari. Na amitraz, ile ya josho ambayo watu huwaogeshea mbwa nyumbani, huzuia kongosho kutoa insulini na kupandisha sukari. Vilevile uliza kama kuna sindano ya steroidi ya muda mrefu aliyochomwa kwa ajili ya ngozi au mafua miezi iliyopita. Ikiwepo, ikiisha mwilini hitaji la insulini litaporomoka tena, na hiyo uniti 1 inaweza kuwa nyingi.

Mwanasaa_Buruburu

Mbwa hatuna, na ya viroboto hajapakwa mwaka huu. Steroidi ndiyo: kadi yake ina sindano ya methylprednisolone ya ngozi, wiki chache kabla kisukari hakijagunduliwa. Nimeipiga picha kadi, namtumia daktari sasa hivi kabla ya dozi ya jioni.

Kombo_Langata

Basi hiyo ni muhimu kuliko tunavyodhani. Paka ambaye kisukari chake kilisukumwa na steroidi, akiwa kwenye nyama na Lantus, ana nafasi nzuri ya kuacha kuhitaji insulini kabisa, na wakati huo huo ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kushuka tena. Kwake kipimo cha kabla ya dozi hakirukwi hata siku moja. Mwambie daktari asirudie sindano hiyo: ngozi ikiwasha tena atafute njia nyingine. Na kwenye jalada lake waandike kwa wino mwekundu: U-100 pekee, hakuna steroidi, hakuna diazepam ya kumeza.

Leo jioni ukipata 8 au chini yake kabla ya kudunga, usidunge. Pima tena saa nne usiku.